Gari Lililoumwa Likipata Joto

Luciana haamini neno la mtu kuhusu gari mpaka gari lenyewe limthibitishie. Ndiyo kasoro yake, na ndiyo inayonichosha na kunifurahisha mimi Febronia, mwenye saluni jirani na gereji yake hapa Shelui. Wenzake wakiletewa gari lenye hitilafu ya umeme hushika spana. Yeye huanza maswali. Linazima asubuhi au mchana? Likiwa na mzigo au tupu? Mvua ilikuwa imenyesha? Zamani nilidhani ni maringo. Sasa najua ni udadisi tu, maradhi ambayo hata mimi ninayo, ila ya kwangu watu huyaita umbea.

Alianzia kwenye redio mbovu za baba yake kijijini Iramba. Baadaye alikwenda gereji moja Singida mjini, ambako kwa mwaka mzima hawakumpa kazi nyingine ila kuosha vipuri. Hilo huwa linaniudhi mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe hulisimulia akicheka. Alirudi na mita ya kupimia umeme na kanuni moja: hitilafu ambayo hajaiona kwa macho yake haitengenezi.

Mwezi wa kumi alikuja Mzee Melkizedeki na pikapu yake ya dizeli, binti yake Jenipher akiwa kando yake. Mzee ni mfuga nyuki. Mizinga yake iko ng'ambo ya mlima Sekenke, na hawezi kuifikia bila kupanda zile kona pamoja na malori. Tangu mwezi wa tano, kila akifika katikati ya mlima taa ya injini inawaka, moshi mweusi unatoka na nguvu zinakwisha. Mara mbili alikwama konani, malori yakimpigia honi kwa nyuma.

"Shikamoo Baba," Luciana alisema.

"Marahaba mwanangu. Mtazame huyu mgonjwa."

Jenipher, ambaye ni mwalimu Singida mjini, hakuzungusha maneno. "Dada, sisi watoto tumeshakaa kikao. Likikwama tena, ufunguo tunachukua. Hatutaki kumzika baba kwa ajili ya asali."

Mzee alitazama pembeni. Nilimhurumia, maana mtu mzima kusemwa mbele ya watu wenye vichwa vilivyosukwa nusu si jambo dogo. Ndiyo, wateja wangu walikuwa wameshatoka nje kusikiliza.

Luciana alichomeka kile kimashine chake cha kusoma makosa. Kikasema shida ni umeme wa valvu ya EGR. Aliponiona nimekunja uso alinieleza kwamba valvu hiyo hurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili isichome kwa joto kali mno, na kompyuta ya gari huiongoza kwa nyaya tano. Waya mmoja kati ya hizo kazi yake ni kurudisha habari tu: valvu imefunguka kiasi gani. Kompyuta ikikosa habari hiyo hushtuka na kulipunguzia gari nguvu.

"Fundi wa mjini ameshabadilisha valvu," Jenipher alisema. "Na bado."

"Basi aliyeumwa si valvu," Luciana alijibu, macho yakimng'aa. "Baba, ni mafundi gani wamegusa gari hili?"

Mzee alihesabu kwa vidole. Fundi wa mjini, fundi wa Misigiri, basi.

Luciana alipima nyaya zote tano. Zote nzima. Akawasha injini ikanguruma nusu saa, taa haikuwaka. Mimi ningekata tamaa, lakini yeye alizunguka lile gari akijisemea. Mlimani linachemka, hapa halichemki. Linakwama likichemka, likipoa linapona. Ghafla akageuka kunitazama.

"Febronia, niazime draya yako ya mkono."

"Ya nywele za watu? Uipeleke kwenye grisi?"

Nilibisha, lakini si sana, maana nami nilitaka kuona. Nikaunganisha waya mrefu kutoka saluni. Luciana alichomeka mita kwenye ule waya wa habari, akaniambia nishike na kusoma namba kwa sauti. Yeye akaanza kupuliza joto kwenye nyaya, shubiri kwa shubiri.

"Nukta tisa," nilisoma. "Nukta tisa. Nukta tisa."

Alipofika karibu na soketi ya valvu, mahali palipozungushiwa utepe mweusi, namba ikaruka. Ikashuka hadi sifuri, ikapanda, ikashuka tena. Nikapiga kelele. Taa ya injini ikawaka, na papo hapo nikasikia harufu ambayo haikuwa ya gereji kabisa.

"Nani anachemsha asali?" niliuliza.

Luciana alibandua utepe. Chini yake kulikuwa na uzi, na chini ya uzi nta ya nyuki, laini, inatiririka kwenye vidole vyake. Ndani yake ncha mbili za waya uliokatika, zilizosokotwa pamoja, zilikuwa zimeachiana. Hakuna aliyehitaji kuuliza kazi hiyo ni ya nani.

"Baba!" Jenipher alisema. "Miezi mitano tunahangaika!"

"Panya alikata waya," Mzee alisema taratibu. "Nikauunga, nikauziba kama ninavyoziba mizinga yangu. Mvua haijawahi kuingia kwenye mzinga niliouziba mimi. Fundi wa Misigiri akazungushia utepe juu yake."

Luciana hakumcheka. Aliinama akaichunguza ile nta kama amepewa zawadi. "Ikiwa baridi ni ngumu, inazibana nyaya," alisema. "Mlimani inalainika, zinaachia. Ukisimama pembeni ikapoa, inazibana tena. Kila fundi alilipima likiwa limepoa. Lakini Baba, mbona hukusema nilipouliza?"

"Uliuliza mafundi."

Tulicheka wote isipokuwa yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia, lakini alivyozitazama nyaya nikaimeza methali yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua mkisikia nimegusa waya, mtasema nimezeeka."



Luciana alisafisha nta yote, akaunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa, akauvisha kimpira kinachojibana kikipashwa moto. Akaupuliza tena kwa draya yangu kwa dakika kumi nzima. Nukta tisa, bila kutikisika. Kisha akasema kupona kwa gari hili kunathibitishwa mlimani, si hapa.

Nilifunga saluni. Mteja mmoja alilalamika kwamba kichwa chake kiko nusu, nikamwambia kesho kitakuwepo bado. Mzee alishika usukani, Jenipher kando yake, mimi na Luciana kiti cha nyuma. Nakiri niliogopa. Kwenye kila kona lori lilikuwa linateremka, na Jenipher alishikilia mlango kama vile unataka kutoroka. Luciana alitazama mashine yake. Mzee alitazama barabara. Tulipita kona aliyokwama mara ya kwanza, tukapita na ya pili, na injini ikavuta hadi juu bila kukohoa.

Juu kabisa, Mzee aliegesha kando na kuzima. Nilitegemea ashangilie. Badala yake aliyageukia malori yaliyokuwa yanateremka.

"Yale malori siyaoni vizuri tena," alisema. "Kwa muda mrefu sasa. Nilijua kabla yenu. Ila sikutaka ninyang'anywe ufunguo kwa sababu ya gari bovu, kana kwamba mlima umenishinda. Nilitaka niutoe mwenyewe."

Alichomoa ufunguo, akamnyooshea binti yake. "Kila Jumamosi utanipeleka kwenye mizinga."

Jenipher aliupokea kwa mikono miwili.