Lala, Hata Mkwe Akiingia

Siku ninayoikumbuka tulikuwa wanne wa nyumba moja. Rebeka, mke wa kaka yangu Yohana, ndiye mgonjwa. Shangazi Elina, dada yake baba. Baba yangu mzee Zakaria, ambaye kwa Rebeka ni baba mkwe. Na mimi, binti wa kuchota maji na kupika uji wa mgonjwa. Yohana mwenyewe alikuwa Tanga kwenye mkonge, kama vijana wengi wa Njombe enzi zile za Mwingereza. Nimtaje na nesi Damari, hakuwa ndugu, ila alitufaa kuliko ndugu.

Nimechoka, mwanangu, mgongo hauniachi nikae sana. Lakini nimesikia unakwenda kutolewa kinyama cha figo kikapimwe, na kwamba unaogopa. Basi nikueleze niliyoyaona, halafu nikalale.

Rebeka alianza kuvimba uso, kisha miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo ulitoa povu kama ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Nyumbani tulimpa mizizi mpaka tukachoka. Ndipo tukapanda lori hadi Makambako, na kutoka hapo tukafika hospitali ya misheni. Alikuwapo daktari mgeni, Mzungu. Jina lake ninalo, ila ulimi wangu haujawahi kuliweza. Akasema figo zinaumwa, lakini ni ugonjwa gani hasa hajui, mpaka achukue kipande chembamba kama uzi kikatazamwe.

Shangazi akauliza, "Akishakitoa, amepona?"

"Hajapona, shangazi," Damari akasema. "Hiyo ni kuuliza tu. Dawa inakuja baada ya jibu."

Akamuuliza Rebeka amekunywa dawa gani nyumbani. Rebeka akatazama ukuta. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaitaja mizizi yote mimi, na wifi yangu akanikata jicho. Wakaahirisha kwanza, wakapima kama damu yake inaganda vizuri.

Siku ilipofika walimlaza kifudifudi, wakamchoma ganzi mgongoni, wakamwambia azuie pumzi sindano ndefu inapoingia. Aliniambia baadaye alisikia kama kusukumwa na ngumi, si kukatwa. Akarudishwa wodini, akalazwa chali. Damari akatuonya kwamba asiinuke mpaka kesho, hata kwa haja. Figo ina damu nyingi, akasema, na kidonda chenyewe hukioni. Kila mkojo akautia kwenye chupa ya kioo, akazipanga chupa dirishani alinganishe rangi.

Mchana baba akaja. Alishuka lori Makambako, akamalizia kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Wewe umekulia mjini. Kwetu mke wa mwana hakai amelala mbele ya baba mkwe. Hupiga magoti, macho chini, ndipo asalimie. Shangazi alipomwona kaka yake mlangoni akanong'ona, "Amka, mkwe wako huyo. Au kwenu hamkufundishwa?"

Nikasema, "Shangazi, nesi amekataza."

"Nesi ameolewa kwetu?"

Rebeka akajifunga khanga, akashuka, akapiga magoti sakafuni. "Kamwene, baba." Baba akaitikia kwa furaha, maana hakujua kitu.

Jua halijatua, chupa iliyofuata ikawa nyekundu kama maji ya maharage. Rebeka akashika ubavu, midomo ikapauka. Damari akamwita daktari, wakamtundikia maji. Mimi nilisimama na kibuyu cha uji mkononi, sijui nikiweke wapi.

Baba akauliza kumetokea nini. Damari akamweleza bila kupunguza. Baba akamgeukia dada yake, akasema, "Elina, umemwinua mtu mwenye kidonda ili mimi nipigiwe magoti?"

"Ni heshima, kaka."

"Heshima si utumwa. Yohana akirudi nimwambie nini? Mke wako amekufa, ila alikuwa na adabu?"

Akatoka nje, akaketi chini ya dirisha, mgongo ukutani, ili Rebeka asimwone akaona aibu. Kutoka huko akasema, "Rebeka, mwanangu, mimi nimekwisha kusalimiwa. Lala." Hakuondoka mpaka mkojo ulipoanza kupauka.

Jibu la kile kipande lilichelewa, maana kilipelekwa mbali. Na dawa za wakati ule zilikuwa chache. Aliishi miaka kadhaa, akamwona Yohana akirudi, kisha figo zikamshinda. Leo dawa ni nyingi kuliko zile, ndiyo maana nataka ukalijue jibu lako.

Basi nenda, mwanangu. Waambie kila ulichomeza, hata kidonge cha kichwa cha dukani, hata mzizi niliokupa mimi. Usilolielewa uliza. Wakikulaza, lala mpaka wao waseme amka. Ukiona mkojo mwekundu, au ubavu unauma, sema hapo hapo, usingoje wakubwa waondoke. Na ukirudi nyumbani, ndoo, kuni na mtoto wa mgongoni wabebe wengine mpaka daktari akuruhusu. Watu watasema umekuwa mvivu. Waache waseme.

Ndugu watakuja kukutazama. Nami nitakuja, hata kwa kushikwa mkono. Usiinue shingo kwa ajili yangu. Nitakusalimia mimi nimesimama.

Mungu aitulize mikono ya watakaokuchoma, akurudishe kwetu unatembea. Na wewe msomaji, utakayeyaona maneno yangu haya yakishaandikwa, kama mama yako alikuwa wodini siku ile, au nimekosea jina la mtu, nisahihishe. Bado nasikia.