Mama Mdogo na Motokaa Isiyo na Paa

Ngozi ya viti ikilowa mvua hutoa harufu ya viatu vipya iliyochanganyika na petroli, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya masika ya mwaka nilipotimiza miaka tisa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katika nyumba ya bibi yangu, pamoja na mdogo wake mama, Mwantumu, mkunga wa zahanati ndogo ya Mchafukoge. Daktari wa zahanati ile, mzee wa Kigoa, alikuwa na motokaa nyekundu ya viti viwili, fahari ya ujana wake, ambayo turubai lake la juu lilikwisha kuoza zamani. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimfundisha Mama Mdogo kuiendesha pale Mnazi Mmoja asubuhi za Jumapili, sisi watoto tukikimbia nyuma, watu wazima wakitikisa vichwa. Mtaani kwetu hatukuwa tumewahi kuona mwanamke ameshika usukani.

Hakujifunza kwa kutaka sifa. Mwanzoni mwa mvua zile aliitwa Buguruni kwa mzazi aliyekuwa akivuja damu. Alikwenda kwa miguu, matope hadi magotini, akakuta wanawake wameshaanza kulia. Tangu siku hiyo alipunguza maneno. Kila jioni alikalia kigoda ukumbini akifanya mazoezi ya ishara za barabarani, mkono wa kulia ukipanda na kushuka, na sisi tukimuigiza kwa kicheko. Mara mbili alikwenda kutahiniwa apewe leseni, na mara mbili aliambiwa arudi siku nyingine.

Mara ya tatu mvua ilianza alfajiri na haikukatika. Bibi alishikilia kwamba mwanamke hakai garini peke yake na mwanamume asiye nduguye, kwa hiyo nilitumwa mimi nimsindikize, nikajibana nyuma ya viti, mahali pa kuweka mkoba. Mkaguzi, Mzungu mrefu wa sare iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi, alisimama kwenye baraza la ofisi akatazama mbingu, kisha akatazama gari.

"Leo haiwezekani," alisema. "Gari hili halina paa. Njoo wiki ijayo."

Mama Mdogo alikuwa amejifunga kanga juu ya sare yake ya ukunga, maji yakimchuruzika usoni. Alijibu kwa adabu, bila kupandisha sauti. "Bwana, mimi ni mkunga. Watoto hawangoji jua. Kama siwezi kuendesha mvuani, hiyo leseni haitanifaa kitu, na wewe usinipe."

Yule bwana alivaa kofia yake. Akashuka ngazi, akaingia garini. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Ndipo nilipoijua siri ya gari lisilo na paa. Likikimbia, mvua hupanda juu ya kioo cha mbele ikaruka vichwa vya watu. Likisimama, yote inawashukia. Na mtihani wa udereva ni mtihani wa kusimama. Mkaguzi alipoamuru, "Simama," pembeni ya Mnazi Mmoja, Mama Mdogo alitoa mkono, akapunguza mwendo, akasimama taratibu, na mvua ikammiminikia yule bwana shingoni. Alipoambiwa arudi nyuma, alirudi bila haraka, akitazama kushoto na kulia kama kitabu kilivyoagiza. Tulipofika Mtaa wa Msimbazi, ile sare ya mkaguzi ilikuwa imemgandama mwilini, nami nilikuwa nimeuma pindo la kanga yangu nisicheke.

Karibu na soko kicheko kiliniisha. Maji yalikuwa yamefunika barabara nzima, na lori la mkaa lilikuwa limezimika katikati. Watu walijaa barazani wakitutazama. Injini ikizimika pale, mtihani umekwisha, na Buguruni itabaki kuwa ya miguu. Mama Mdogo aliingiza gia ya kwanza akateremka majini. Maji yaligonga milango, yakaingia miguuni mwetu, injini ikakohoa. Hakuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta wala hakuikandamiza zaidi. Aliupita ubavu wa lori kwa mwendo uleule mmoja, midomo ikimchezacheza kwa dua, mpaka magurudumu ya mbele yakapanda penye nchi kavu. Chini ya paa la soko wauza mboga wakapiga vigelegele vilivyoishinda mvua.

Mkaguzi alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa tafadhali usisimame tena," alisema. "Twende ofisini." Akaweka sahihi kwa mkono uliolowa, wino ukatawanyika kwenye karatasi.

Juma lilelile aliitwa tena Buguruni, kukinyesha vilevile. Alikwenda na motokaa akafika mapema, na adhuhuri akarudi nyumbani, akaomba chai, akasema, "Wa kiume. Anapiga kelele." Bibi, aliyekuwa akilipinga jambo lile tangu mwanzo, alitoka na ndoo akaiosha motokaa kwa mikono yake.

Leo nimezeeka, na Kariakoo ni maghorofa na foleni. Majuzi nilikuwa nikipita Mtaa wa Kongo na mfuko wangu wa nyanya, na lori kubwa lilikuwa likirudi nyuma uchochoroni. Dereva akachungulia dirishani, binti wa miaka ishirini na kitu, akaniambia, "Shikamoo bibi. Naomba unipishe kidogo." Nikaitikia marahaba, nikasogea ukutani. Nikageuka kuona nani anamshangaa. Muuza viatu alikuwa akipanga viatu vyake, mpiga debe akiita wateja; hakuna hata mmoja aliyeinua macho.