Zamu ya Kapu la Nane

Kabla ya kujulikana kwa visahani, Veridiana alijulikana kwa ming'oko. Aliamka alfajiri, akajifunga kanga mbili na kuingia na jembe lake kwenye vichaka vilivyo nyuma ya bustani ya miti, kule ambako tambarare ya Newala inakatika ghafla na ardhi inaporomoka hadi bondeni. Saa nne alitoka na kikapu kimejaa, akaichemsha ile mizizi, na jioni akaiuza stendi. Ming'oko hiyo ilimlea binti yake Dorika, ikamlea na Reginald, mtoto wa marehemu mdogo wake Sabina, aliyemchukua akiwa na miaka sita, kamasi zinamtoka na kaptula moja mwilini. Kwao ukoo ni wa mama, kwa hiyo Reginald hakuwa yatima wa kufadhiliwa. Alikuwa mwanawe, ila alimwita Mama Mkubwa.

Visahani vililetwa na Arthur, fundi wa mambo ya maji kutoka ng'ambo, aliyekaa Newala miaka mitatu. Maji hayakuongezeka sana, lakini pale bustanini aliacha makapu tisa ya chuma, kila moja limesimama juu ya nguzo na minyororo inaning'inia juu yake. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unasimama kwenye jiwe, unarusha kisahani cha plastiki kipite katikati ya miti, unakifuata kilipoangukia na kukirusha tena, mpaka kigonge minyororo na kudumbukia kapuni. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Shida ni miti. Bustani ile ni ya mitiki na mikaratusi iliyopandwa kwa mstari, kisha ikaachwa mpaka vichaka vikaota katikati, na kisahani kikipinda kidogo tu utakwenda kukitafuta kwenye upupu.

Arthur alipoteza vingi. Veridiana akawa anaviokota katika kuchimba ming'oko yake, na kwa kuwa hakujua ni vitu gani, akavifunikia ndoo za maji. Siku Arthur alipopita kwake kununua ming'oko alikuta ndoo saba zimepangwa ukutani, kila moja na kisahani chake juu. Wakacheka wote wawili hadi machozi. Kesho yake akampa kibarua cha kufyeka njia na kuokota vilivyopotea, na siku ya tatu Veridiana akajaribu kurusha kimoja. Mkono uliopepeta mtama kwa ungo miaka thelathini haukuhitaji kufundishwa namna ya kukunja kiwiko na kuachia kiganja. Kisahani kilikwenda kilikotumwa.

Arthur aliondoka, Veridiana akabaki anafyeka. Miaka sita. Alijua mti upi una kovu la kurudisha kisahani nyuma, na saa ngapi upepo unapanda kutoka bondeni. Watu waliomwona akicheza peke yake, kanga kiunoni, walimtania kwamba amezeeka akarudia utoto, naye aliwajibu kwamba utoto hakuupata mara ya kwanza. Lililo kweli ni kwamba mtu akifyeka mahali miaka sita huanza kupaona pake, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba hapakuwa pake.

Mwaka huu kamati ya bustani ilipata mfadhili. Wakatangaza nafasi moja ya kudumu: mtunza bustani na mwalimu wa mchezo, mwenye mkataba, ufunguo wa geti, na fulana ya kijani iliyoandikwa MWALIMU mgongoni. Wanafunzi wa shule za karibu wangekuja kufundishwa kila wiki. Veridiana aliitaka ile fulana, tena aliitaka kwa njaa. Alikomea darasa la saba si kwa ujinga bali kwa sababu alizaliwa wa kwanza, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina la kazi. Alikuwa Mama Dorika, au yule mama wa ming'oko, au yule mama wa visahani. Alipokuwa peke yake kwenye njia ya kapu la tano alijiita Mwalimu Veridiana, kwa sauti ndogo, kuona linavyokaa mdomoni.

Mwombaji mwingine wa maana alikuwa Reginald. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaendesha bodaboda Masasi mpaka mwenye pikipiki alipoichukua, akarudi Newala na begi moja. Mama Mkubwa ndiye aliyemvuta bustanini asikae nyumbani akilaumu dunia, ndiye aliyemshika kifundo cha mkono na kumwambia hapa legeza, hapa kaza. Miaka miwili kijana akawa hodari. Mmoja ana uzoefu, mwingine ana vyeti. Kamati ikaumiza kichwa, mwisho ikaamua wacheze makapu yote tisa, atakayeshinda achukue kazi. Veridiana aliposikia alishukuru Mungu. Vyeti hangeviweza, ila miti ile aliiweza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mikorosho imetoa maua na mji mzima unanuka salfa wanayoipulizia. Veridiana alipika uji wa karanga, akammiminia Reginald bakuli kubwa kuliko lake, na wakaenda pamoja kwa miguu kama watu waendao shamba. Njiani walizungumza habari za Dorika na ujauzito wake. Hakuna aliyetaja mchezo.

Mwamuzi alikuwa Mzee Ambrosi, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati, mtu asiyeweza kuona karatasi bila kuisoma. Akasoma sheria mpya zilizoletwa na chama cha mchezo huo kwa Kiingereza, ambazo Reginald ndiye aliyeombwa kuzitafsiri. Zilikuwa ishirini na mbili. Ya kumi na moja ilisema kwamba aliyeshinda kapu lililopita ndiye anayeanza kurusha kwenye kapu linalofuata, wakifungana utaratibu haubadiliki, na anayerusha nje ya zamu anaongezewa mrusho mmoja. Veridiana aliisikia, maana masikio anayo. Lakini miaka yote Newala walicheza kwa adabu ya kwao, mkubwa hutangulia na mdogo hufuata, na sheria ya kumi na moja ilimpita pamoja na ile ya ukubwa wa jiwe na ile ya kutovuta sigara.

Kura ilimpa Veridiana aanze, na kapu la kwanza akalishinda kwa mrusho mmoja. Mawili yaliyofuata walifungana. Kwenye la nne kisahani cha Reginald kiligonga mkaratusi na kurudi nyuma yake, lakini akakiokoa kwa mrusho wa chini chini ambao Mama Mkubwa mwenyewe alikuwa amemfundisha, na watu wakapiga makofi. Sare, na la tano na la sita vilevile. Muda wote huo Veridiana ndiye aliyekuwa akianza, kwa sheria mpya na kwa adabu ya zamani, vyote viwili vikisema jambo lilelile, kwa hiyo hapakuwa na cha kumkumbusha kwamba ni vitu viwili. "Mcheza kwao hutuzwa, Mama Dorika," akasema Mahmudu fundi cherehani, aliyefunga kibanda chake aje kutazama.

Kapu la saba lilikwenda kwa Reginald. Aliupitisha mrusho wake katikati ya mitiki miwili iliyosimama karibu kama nguzo za mlango, safi kabisa, na Veridiana akajikuta anafurahi kabla hajakumbuka kwamba anashindwa. Wakawa sawasawa, na makapu mawili yamebaki.

Njia ya nane ni nyembamba na inapinda kushoto. Reginald alitangulia kufika kwenye jiwe. Akasimama kando yake, akageuza kisahani mkononi mara moja, mara mbili. Mama Mkubwa alipofika akasogea nyuma, akainamisha kichwa kidogo na kumnyooshea mkono.

"Tangulia, Mama Mkubwa."

Neno hilo Veridiana ameambiwa kwenye kila mlango, kila njia nyembamba, kila foleni ya bomba, tangu alipoanza kuota mvi. Ni neno la kawaida kama maji ya kunawa. Akapanda juu ya jiwe, akavuta pumzi, akarusha. Kisahani kilielea, kikapinda kushoto kikiifuata njia kama kina macho, kikaenda kulala hatua sita kutoka kapuni. Siku ile hapakurushwa mrusho mzuri kuliko huo.

Hakuna aliyepiga makofi. Sophia, muuguzi aliyekuwa akiandika mirusho, alikuwa amenyanyua kalamu juu.

"Nani alikuwa na zamu?" akauliza Mzee Ambrosi.

Sheria zilisema mchezaji hujibu mwenyewe, mwamuzi hasemi kwa niaba yake.

"Mimi," akasema Reginald.

Ilikuwa kweli, nani angebisha? Mzee Ambrosi akatikisa kichwa na kumwambia Sophia aongeze mrusho mmoja upande wa Mama Dorika. Watu wakanung'unika. Bibi mmoja mwenye kuni kichwani, aliyekuwa anapita zake, akatua mzigo.

"Nangu, mimi sielewi," akasema. "Mtoto kamheshimu mama yake. Kosa liko wapi?"

"Sheria ni msumeno, bibi. Hukata mbele na nyuma," Mzee Ambrosi akamjibu.

Hukata mbele na nyuma, sawa, ila siku ile damu ilitoka upande mmoja. Mzee Ambrosi, ambaye si mtu mbaya, akamgeukia Veridiana na kumuuliza kama ana la kusema. Alikuwa nalo. Maneno mawili matatu yangetosha: ni yeye aliyenipisha. Lakini kuyasema ilikuwa kusimama mbele ya watu arobaini na kumshtaki mtoto wa Sabina kwa hila, na ikiwa haikuwa hila je? Akamtazama Reginald, akisubiri ayaseme yeye. Yangekuwa mepesi kinywani mwake. Reginald alikuwa anakifuta kisahani chake kwa pindo la shati, anakifuta sana, kisahani kisichokuwa na vumbi.

"Sina," akasema Veridiana.

Kapu la nane wakamaliza kwa mirusho miwili kila mmoja, ila yeye akaandikiwa mitatu. La tisa liko kwenye ukingo kabisa, upepo unapanda kutoka bondeni, na hapo Veridiana alicheza kwa hasira iliyomnyoosha mkono. Akapata mitatu, na Reginald naye akapata mitatu. Veridiana akashindwa kwa mrusho mmoja. Reginald akavalishwa fulana ya kijani juu ya shati lake, akaja kumkumbatia Mama Mkubwa wake, naye akakumbatiwa. Aliusikia moyo wa mtoto ukidunda kwa nguvu dhidi ya kifua chake, na hakuweza kujua unadundia nini.

Jumatatu alikuwa uani anamenya muhogo Reginald alipotoka chumbani kwake amevaa ile fulana, ameipiga pasi.

"Mama Mkubwa, nimeongea na kamati," akasema. "Wamekubali uendelee na kibarua chako, siku tatu kwa wiki. Nimekuombea."

Kisu kikasimama. "Umeniombea."

"Ndiyo, Mama."

"Reginald. Ile sheria ya zamu uliitafsiri wewe mwenyewe. Uliponiambia nitangulie, uliikumbuka?"

Reginald akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Niliikumbuka," akasema. "Lakini ningekutangulia vipi, Mama Mkubwa? Mbele za watu? Wangesema sina adabu."

Veridiana aliutazama uso ule, wenye paji pana la Sabina, uso alioufuta kamasi, alioukeshea ukiwa na malaria, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuusoma. Labda ilikuwa adabu. Labda ilikuwa adabu kwanza, kisha kisahani kilipokwisha kuruka ikawa kitu kingine. Hilo lilimuuma kuliko kushindwa, maana mwizi hujulikana kwa alichoiba, ila huyu alimpa heshima na kwa heshima hiyohiyo akamnyang'anya.

"Ulipoulizwa, ulisema zamu ni yako."

"Ilikuwa kweli."

"Na kwamba ni wewe uliyenipisha, hiyo haikuwa kweli?"

Reginald akatazama saa ya simu yake. Akasema wanafunzi wanakuja saa tatu, hapendi wamkute hajafika. Akaondoka kwa hatua za haraka, neno MWALIMU likipanda na kushuka mgongoni.

Majirani walitegemea Mama Dorika atasusa, na baadhi yao walimshauri hivyo. Ni rahisi kumshauri mtu asuse ukiwa na mikorosho arobaini. Yeye hakuwa nayo, na Dorika alikaribia kujifungua. Jumatano akanoa panga, akalitia begani, akaenda. Geti lilikuwa limefungwa. Miaka yote sita liliegemezwa tu kwa jiwe, sasa lilikuwa na kufuli jipya, naye akasimama nje kwenye umande kama kibarua mwingine yeyote mpaka mwenye ufunguo alipofika.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," akasema Reginald, akiinama kufungua.

"Marahaba, Mwalimu."