Mwanamke Asiyejua Maumivu

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, Stefania aliketi mlangoni, akakunjua kitambaa cheupe na kujifuta nacho: nyayo kwanza, kisha katikati ya vidole, visigino, viganja, viwiko. Akimaliza alikiinua kitambaa kwenye mwanga na kukitazama pande zote mbili. Kikiwa cheupe, aliinuka. Kikiwa na doa la damu, alianza kujichunguza limetoka wapi, kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja.

Tekla, binti yake, alimtazama kutoka kitandani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki ile, hapo Mitwero kwa mumewe Andrea, na mama yake alikuja kutoka Mingoyo kama mama yeyote anavyomwendea binti aliyejifungua, amkande kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu. Hiyo ni haki ya mama, haiombwi. Lakini Tekla alikuwa ameshamwita Bi Moza, jirani yake, afanye kazi hiyo. Stefania alipofika na kanga mpya kifuani, alimkuta Bi Moza amekwisha kunja mikono ya gauni. Hakuhoji. Aliuliza tu kuni ziko wapi.

Basi ikawa hivyo. Stefania aliteka maji, akakoka moto, akaleta sufuria mpaka mlangoni, akaikabidhi na kukaa nje. Ndani mtoto alilia, naye nje alitikisa goti.

"Mume wangu ananiita huko," alisema siku moja, "na mke mwenzangu amenifungia mlango."

Bi Moza akacheka, akamjibu kwamba mume mwenyewe kibogoyo na hana hata shamba, wa nini kumgombea. Tekla hakucheka. Chini ya kanga yake, kutoka nyongani mpaka gotini, alikuwa na kovu pana lililong'aa kama ngozi ya chungu.

Alikulia Kitomanga na kovu hilo, kwa Skolastika, mama wa baba yake. Kila alipouliza limetoka wapi alipewa jibu lile lile: mama yako alikuogesha maji ya moto, ukalia, yeye akaendelea kukuogesha. Hadithi iliishia hapo. Yaliyobaki alikuja kuyapata kwa baba yake, Sipriani, ambaye aliyasimulia akiwa mgonjwa wa kufa, bila haya tena.

Stefania alizaliwa kwenye nyanda za Makonde. Alipoota meno alijitafuna ulimi, na nyumba nzima ikagundua kwa damu, si kwa kilio. Alivunjika mguu akaendelea kucheza nao mpaka ulipovimba ukakataa kiatu cha mtu yeyote. Wazazi wake waliogopa ukoma. Kaka yake, Kornelio, hakuogopa. Yeye aliona riziki. Alimtembeza dada yake katika magulio ya Lindi na Kilwa, akipiga ngoma na kumtangaza: Binti wa Chuma. Msichana aliokota kaa la moto kiganjani. Alijichoma sindano ya kushonea magunia mkononi, akatabasamu kama alivyofundishwa. Watu walimkodolea macho usoni wasimwone akikunja sura, wakapiga makofi, wakarudi makwao wakiapa kwamba mwili ule hauingii kitu. Mkono wenyewe hakuna aliyeutazama. Mkono uliungua kama wa mtu mwingine yeyote, ukaoza usiku, na Kornelio aliufunga kitambaa rangi rangi ili uingie gulio linalofuata. Vidole vitatu vilipotea hivyo. Kule upande wa Wamatumbi wazee hawakupiga makofi. Walikuwa na ndugu waliokwenda vitani mbele ya risasi wakiwa na maji ya dawa, wakiambiwa miili yao haiingii kitu. Waliondoka mmoja mmoja.

Sipriani alimwona gulioni huko, akamwoa, akajisifu vijiweni kwamba ana mke asiyechoka. Alimwachia kazi zote za moto na miiba. Hata siku ya kuzaa, Stefania hakupiga kelele, na wanawake waliomzalisha walitoka wamenuna, kama watu walioalikwa karamu wasipewe chakula. Mtoto alipokuwa na umri wa wiki chache, yakatokea ya maji.

Walikwenda hospitali ya wamisionari. Mtawa mmoja mganga, alipokwisha mfunga mtoto dawa, alimgeukia mama. Alimfumba macho, akampitishia unyoya wa kuku mkononi. Stefania akasema unaniwasha. Akamchoma pini, Stefania akasema unanigusa. Akamnusisha siki, Stefania hakusema kitu, maana hakuwahi kunusa chochote maishani. Mtawa akawaeleza Sipriani na mama yake kwamba huu si ukoma, mwenye ukoma asingeuhisi unyoya. Wala si uchawi, wala si nguvu. Mwilini mna nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kichwani, nyingine za kuguswa, nyingine za maumivu. Za maumivu, kwa mwanamke huyu, hazijapeleka habari tangu azaliwe. Baridi anaijua, vuguvugu analijua, lakini mpaka ule ambapo joto linageuka kuwa kitu cha kukimbiwa, yeye hana.

"Nimeelewa, Sista," Skolastika alisema. "Basi mtoto akae na mtu anayejua maumivu."

Stefania akarudishwa kwao siku ile ile, maziwa yakimtoka. Tekla akapelekwa Kitomanga.

Tekla aliisikia habari hiyo ya nyuzi akaikubali. Ilimweleza mkono uliopima maji. Haikumweleza lile la pili, la kilio. Ngozi ya mama yake ilikuwa na udhuru, lakini masikio yalikuwa mazima, na ndiyo maana Bi Moza alikuwa ndani na Stefania nje.

Kisha Bi Moza akafiwa na shemeji yake, akaondoka alfajiri. Maji yalikuwa tayari mlangoni. Tekla aliyaingiza mwenyewe, akayapooza, akayapima kwa kiwiko mara kadhaa, akamtia mtoto. Mtoto akapasuka kwa kilio.

Stefania alikuwa ameshaingia ndani. Alisimama katikati ya chumba, mikono yake yenye vidole pungufu imenyooka mbele.

"Mtoe."

"Ni vuguvugu tu, mama."

"Mtoe, Tekla. Mtoe kwanza."

Tekla akamtoa, akamfunika kanga, akamkumbatia mpaka akatulia. Hakumpa Stefania. Alimtazama mama yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike.

"Siku ile mimi nilipolia, mama, hukunisikia?"

"Nilikusikia. Mimi maisha yangu sikuwahi kulia ila kwa njaa, nikajua una njaa. Nikafanya haraka nimalize kukuogesha, nikunyonyeshe."