Sakafu ya Ghala la Mkonge

Mama yangu alifanya kazi katika ghala la mkonge hapa Rudewa tangu usichana wake mpaka shamba lilipofungwa. Alikuwa akichambua nyuzi, na vumbi lake lilimwachia kikohozi. Kijiji kilipoamua kuligeuza ghala hilo kuwa ukumbi wa mikutano, alisema ni heri libomolewe, watu wagawiwe matofali wajengee vyoo.

Hawakumsikiliza. Kuta zilikuwa bado imara. Mafundi waliezeka kwa mabati ya zamani yaliyofaa, na mbao za milango wakazifanya mabenchi. Ikabaki sakafu, iliyokuwa imejaa mashimo. Siku ya kuisiliba nilikwenda na wanawake wenzangu. Mama akanifuata, eti anakwenda kutazama tu.

Tulimkuta mwanamke mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, anachanganya udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama hakuitika. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wamemaliza mahindi yake, na mume wa yule mwanamke alikana mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ni wake. Mama alisimama kando, akitazama. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Umezidisha maji. Itapasuka."

"Basi nielekeze, mama."

Mama akapiga magoti. Wakasiliba bega kwa bega mpaka karibu na mlango.

"Ng'ombe wenu walinimalizia mahindi," mama alisema bila kuinua kichwa.

"Walikuwa wetu, mama. Mume wangu aliogopa kusema. Mimi nakuomba radhi."

Mikono ya mama ilisimama. Nilidhani ataondoka. Akachota udongo mwingine, akasema, "Marahaba."

Mkutano wa kwanza mle ndani ulihusu njia ya mifugo. Mama alikaa karibu na dirisha apate hewa, akaeleza shamba lake lilipoanzia na lilipoishia. Mume wa yule mwanamke naye alisimama, akakiri. Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja na mwenyekiti kupanda miti ya mpaka. Upande mwingine wa kijiji bado wanagombana, lakini msimu huo mama alivuna.

Ghala lenyewe hakulipenda kamwe. Akiitwa mkutanoni huuliza kwanza kama madirisha yamefunguliwa, kisha huvaa kanga yake na kwenda.