Betri za Kwapani

Kaka yangu alitaka kupigwa picha akiwa amesimama. Hakutaka nyingine yoyote. Aliniambia hivyo siku niliyorudi nyumbani kutoka chuo kikuu, kabla sijaweka hata begi chini, kama mtu anayempa fundi oda ya kiti: iwe asubuhi, iwe nje, amesimama, kavaa shati la bluu.

Picha ilikuwa ya kumwachia binti yake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia, na tulipotafuta picha yake tulipata moja tu, ya harusi ya watu wengine, ambamo anaonekana bega na nusu ya uso nyuma ya mwanamke mnene aliyebeba zawadi. Kaka aliiangalia sana ile nusu ya uso. Halafu akaniuliza kama kamera niliyokuja nayo inafanya kazi.

"Huyu atakua anaambiwa baba yako alikuwa mtu wa kitandani," alisema. "Mimi sitaki. Nataka aone mtu mwenye miguu."

Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilimtambua kwa sauti. Mama alisema ni kifua. Majirani walisema mambo mengine, ya uchawi, yale ambayo kila mtu nchi hii akisikia umetoka Sumbawanga anayasubiri kwa hamu uyasimulie, na mimi nilikuwa nimechoka kuyajibu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Kaka mwenyewe hakusema ni nini. Alikuwa akimeza vidonge vya hospitali na kunywa maziwa ambayo mama aliyafuata kwa jirani zetu Wasukuma, wenye ng'ombe.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo niliona ni dogo. Kaka alikuwa na nguvu asubuhi tu. Jua likishapanda homa ilimrudia na hakuweza tena kutoka ndani. Na asubuhi za Ufipa mwezi wa sita si asubuhi za kuchezea. Upepo unakuja umenyooka kutoka uwandani bila mti wa kuuzuia, na majani yanakuwa meupe kwa umande wa barafu.

Kamera ilikuwa ya dijitali, aliyoniachia mshikaji wangu wa chuo aliponunua mpya. Yake mpya ilikuwa na betri bapa ya lithiamu, ya kwake peke yake, isiyoingia katika kitu kingine chochote duniani, na ukipoteza chaja yake umeipoteza kamera. Hii yangu ilitumia betri mbili ndogo, saizi ya zile za saa ya ukutani. Nilijiona mjanja. Betri kama hizo ziko kila duka, nikasema, hata Matai, hata Kipili ziwani utazikuta.

Asubuhi ya kwanza kaka alitoka akishika fremu ya mlango, halafu ukuta, halafu akaachia ukuta. Shati la bluu lilikuwa juu ya sweta mbili. Alisimama. Nikabonyeza. Kamera ikatoa lenzi, ikalia kamuziki kake, ikaonyesha alama nyekundu ya betri tupu, ikarudisha lenzi ndani.

"Tayari?" akauliza kaka bila kusogeza midomo.

"Bado."

Nikawasha tena. Ikafanya vilevile. Nikazitoa, nikazisugua, nikazirudisha. Betri zilikuwa mpya, nilizitoa kwenye karatasi yake mbele ya kaka. Safari ya tatu nilipoinua macho alikuwa ameshaketi kwenye kizingiti.

"Basi," alisema. "Kesho."

Betri zilezile mama alizitia kwenye redio, na redio ikaongea wiki nzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba betri kuwa nzima ni jambo moja na kufaa kazi fulani ni jambo lingine. Redio inanyonya kidogokidogo. Kamera inataka bakuli zima kwa mkupuo mmoja, na katika baridi betri ya kawaida haiwezi kutoa kwa kasi hiyo.

Nikapanda baiskeli kwenda mjini. Sisi ni watu wa Pito. Mji haukuwa mbali, lakini nguzo za umeme zilikuwa hazijatufikia. Miaka hiyo maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa vitu ambavyo utotoni hatukuviona kabisa. Nilipokuwa mdogo swali lilikuwa kama kitu kipo. Sasa kila kitu kipo, na swali ni kama kitu ni chenyewe.

"Mambo, braza," alisema kijana wa duka la vifaa vya umeme.

"Poa. Una betri za kuchaji?"

"Zimejaa. Hii hapa chukua, ona namba yake. Namba ikiwa kubwa ndiyo nguvu."

"Nani kaipima?"

"Imeandikwa, braza."

"Hata wewe unaweza kuandika."

"Sasa wewe msomi unataka nikuchanie tumbo lake uangalie ndani?"

Nikazishika aina mbili, moja kila kiganja. Ile yenye namba kubwa ilikuwa nyepesi kama yai lililonyonywa. Ile yenye namba ndogo ilikuwa nzito. Nikachukua jozi mbili za nzito. Zilikuwa za nikeli za aina mpya. Kijana, kwa kunicheka au kwa kunihurumia, akaniongezea jozi moja kuukuu aliyoitoa kwenye taa mbovu ya dharura: nikeli na kadimi, za zamani, zenye kutu kichwani.

Kuchaji nilichajia kwa kinyozi mmoja karibu na stendi, siku mbili, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Chaja ilikuwa na taa ya kijani inayosema zimejaa. Taa ile iliwaka kijani hata nilipoitia chaja kwenye soketi bila betri, kwa hiyo sikuiamini.

Ndivyo nilivyoanza kupima. Nilirudi nyumbani nikakaa uani na kupiga picha ukuta wa jiko, moja baada ya nyingine, nikihesabu mpaka betri iishe. Kaka alinitazama kupitia dirishani.

"Unapiga ukuta?"

"Napima."

"Ukuta umekuomba picha?"

Kadimi zilitoa chache lakini hazikujali baridi. Shida yao wanasema ni kumbukumbu: ukizichaji kabla hazijaisha zinazoea kile kidogo, na baadaye zinakataa kutoa zaidi. Zile mpya zilitoa nyingi sana, niliacha kuhesabu. Nikafurahi. Nikazirudisha zote kwa kinyozi, nikazijaza, nikaziweka tayari kwa asubuhi. Na kaka hakuamka asubuhi hiyo, wala iliyofuata. Alikohoa mfululizo kwa siku nyingi, na betri zikakaa ndani ya soksi yangu juu ya kabati zikisubiri.

Hapo nikajifunza jambo jingine. Zile mpya zinavuja. Hazitumiki, hazishikwi, ila chaji inapungua yenyewe. Alipopata nafuu na kusema kesho nitasimama, nilizitia kwenye kamera kujaribu jioni na alama ilikuwa tayari imeshuka nusu. Ningeweza kuzipeleka tena mjini, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Na sikuweza kuzipima zaidi, kwa sababu njia pekee ya kujua betri imebakiwa na nini ni kuimaliza. Sentensi hiyo nilimwambia mama kwa sauti, nikiwa nimekasirika na soksi mkononi. Mama aliangalia mlango wa chumba cha kaka.

Alichokuwa amekisikia ni kwamba betri zinaogopa baridi. Nilikuwa nimelisema mara nyingi.

Kwetu betri za redio zikichoka hazitupwi. Zinaanikwa juani juu ya bati, au zinapangwa pembeni mwa mafiga zipate joto, na usiku redio inasoma taarifa ya habari hadi mwisho. Kila nyumba inafanya hivyo. Asubuhi ile mama aliamka kabla yetu, akachukua jozi moja ya zile nzito kutoka kwenye soksi, akazipanga kwenye jivu pembeni mwa moto. Nilipoingia jikoni ganda la plastiki lilikuwa limejikunja kama ngozi ya kuku, na moja ilikuwa imetoa mate meupe kichwani.

Nilimfokea. Sitayarudia maneno.

"Ulisema zinaogopa baridi," alisema mama. "Nikaziweka ziote moto. Za redio si tunafanya hivyohivyo?"

"Hizi si za redio!"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Zimefanana."

Nilitafuta kosa katika mantiki yake nikalikosa. Kama baridi inaziua, joto linazifufua. Mwalimu yeyote angempa vema. Kilichozidi ni moto tu, na hakuna aliyemwambia kipimo.

Kaka alikuwa mlangoni, ndani ya shati la bluu, amesikia yote.

"Umemfokea mama kwa ajili ya betri?"

Nikaziokota zile mbili kutoka jivuni.

"Zimebaki ngapi?"

Nikamwonyesha: jozi moja ya nzito, iliyovuja nusu, na zile kadimi kuukuu.

"Na tatizo ni baridi?"

"Ni baridi, na ni kwamba hazijajaa."

"La kujaa sina uwezo nalo. Ila kwa joto, mnahangaika na mafiga ya nini?" Alinishika mkono akaubandika shingoni mwake. Nilitaka kuuondoa. Homa ambayo tulizoea ije mchana siku hiyo ilikuwa imemfuata mapema. "Jiko si hili hapa? Lete."

Akaingiza jozi nzito kwapa la kushoto na kadimi kwapa la kulia, ndani kabisa, chini ya shati na sweta. Akaketi kwenye kigoda, mikono imebanwa mbavuni, akicheka kwa kikohozi. "Mama, usinitie kwenye jivu tu," alisema, na mama akacheka pia, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mtoto alisimama kati ya magoti yake akimpapasa kutafuta zile pipi alizodhani zimefichwa.

Tulikaa hivyo mpaka jua likagusa bati. Kisha akasema twende, akatoka. Fremu, ukuta, akaachia ukuta. Akatoa jozi ya kushoto akanipa. Zilikuwa za moto, zina unyevu wa jasho. Nikazifuta kwenye suruali, nikazitia, nikawasha. Lenzi ikatoka. Alama nyekundu haikuja. Nikabonyeza, nikasikia ile sauti ndogo, na hapohapo kioo kikawa cheusi na lenzi ikabaki nje, imekwama kama ulimi.

"Imeshika?" aliuliza kaka.

"Sijui. Nipe zile nyingine."

Akanipa za kulia. Nikabadilisha. Kamera ikaamka, ikavuta lenzi, ikaitoa tena. Alama haikuonekana kabisa. Kadimi kuukuu za taa mbovu. Nilipoinua macho kaka alikuwa ameketi kizingitini, na mama amemshika bega.

"Simama kidogo tu," nilisema.

"Subiri."

Tulisubiri. Alijaribu mara moja, mama akimnyanyua, akarudi chini.

"Nikupige hapohapo?"

"Hapana. Nimesema nini? Nionyeshe hiyo moja."

Nikachuchumaa pembeni yake nikaifungua kwenye kioo. Ilikuwepo. Kaka amesimama, mrefu, nyuma yake ukuta wa jiko nilioupiga mara zote zile. Shati la bluu. Miguu yote miwili. Lakini mkono wa kushoto umepita kifuani na kuzama kwapa la kulia, umezibana zile kadimi zisianguke, na bega limepinda kuufuata.

"Mbona nimejishika hivyo?" alisema. "Naonekana nasikia maumivu. Futa. Tutapiga nyingine kesho."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kioo kikaniuliza kama nina uhakika.

"Usifute," alisema mama.

Kaka akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Hakurudia. Nilizima kamera, nikazirudisha betri kwenye soksi. Kesho yake hakusimama, wala siku nyingine, na kabla baridi haijaisha tulimzika.

Nimejiuliza mara nyingi kama ni joto lake lililofanya kazi. Huenda betri zilikuwa zimebakiwa na picha moja tu hata hivyo, za moto au za baridi. Ningehitaji jozi nyingine kama ileile, isiyopashwa, siku ileile, saa ileile, ndipo niseme. Jozi hiyo iliishia jivuni. Mama hana swali. Yeye anajua ni nini kilichoiwasha kamera, na siku hizi simbishii.

Picha tuliisafisha mjini, ipo kwenye fremu sebuleni. Wageni wakiitazama wanasema pole, alikuwa anaumwa sana. Wanaona ule mkono. Mwaka huu binti yake, ambaye sasa anasoma, alisimama mbele ya picha na daftari lake akaniuliza, "Baba mdogo, baba hapo alikuwa anaumwa wapi?"

Nikamwambia haumwi. Nikamwambia ameshika betri, anazipasha, za kupigia picha ya pili.

Ana tabia yangu, haridhiki na jibu la kwanza.

"Betri zikawaka?"

"Ziliwaka."

"Sasa ya pili iko wapi?"

Nikamvuta nikamkalisha kwenye kizingiti, palepale, na nikaanza kumwambia kwamba baba yake alikuwa ameshaketi.