Baba Aliyembeba Mwanawe Kifuani

Katika hospitali nilipofanya kazi ya uuguzi, hapa Bukavu, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake tulimweka kwanza kwenye kuvezi, kile kisanduku cha kioo chenye joto. Umeme ukikatika tulimzungushia chupa za maji ya moto, tukaomba Mungu. Mama alimpata baadaye, mtoto akishapata nguvu.

Kisha daktari wetu akatuletea matokeo ya utafiti: tusisubiri. Mtoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, tangu saa za kwanza. Tulibishana sana.

"Na mama akiwa mahututi?" niliuliza.

"Basi mutafute kifua kingine," alijibu.

Wa kwanza alikuwa dereva wa pikipiki wa mtaa wa Nyawera. Mkewe alikuwa amepasuliwa, damu nyingi imemtoka, hajajitambua vizuri. Binti yao alikuwa mdogo hata kofia ya sufu ikamshukia machoni. Nilipomwambia baba avue shati, alimtazama mama yake mzazi, bibi wa mtoto, aliyesimama pembeni.

"Mwanaume kubeba mutoto vile?" bibi akasema. "Kwetu haiko hivyo. Munipe mimi."

"Maman, uko na kikohozi. Wacha papa amushike."

"Nitamuvunja," baba akanong'ona. "Hii mikono ilizoea usukani wa pikipiki tu."

"Hatuombi mikono, papa. Tutamufunga na kitenge."

Tukamfunga. Alikaa ameduwaa, hathubutu hata kumeza mate. Niliushika mguu wa mtoto, ulikuwa baridi. Nilipourudia baadaye, ulikuwa umeanza kupata joto. Baba alikuwa akilia bila sauti. Bibi alivua kitenge chake cha begani, akamfunika mwanawe mgongoni.

Wenzake wa pikipiki walikuja kumcheka. Wakasimama mlangoni, wakamwona, wakaondoka bila kumcheka. Kesho yake mmoja alirudi na uji wa soya.

Mke alipozinduka aliuliza, "Mutoto wangu iko wapi?" Miaka mingi swali hilo lilinitoa chumbani, kwa kukosa mtoto wa kumwonyesha mama. Safari hii nilisukuma kitanda chake hadi kando ya mumewe, nikaanza kufungua kitenge.

"Ngoja kidogo," mume akasema. "Amelala."

Mke akacheka, huku ameshika tumbo lililoshonwa.

Walirudi nyumbani wote watatu. Lakini si wote waliopona. Mama mmoja wa Kavumu alifika amechelewa, na mwanawe alifia kifuani pake mchana mweupe, mimi nikiwa nimeketi pembeni. Ni yeye aliyenigusa bega.

"Mutoto wangu wa kwanza walinionyesha akiwa amekwisha kufunikwa," akasema. "Huyu nilimushika. Alinijua."

Baada ya kumsindikiza hadi kwa ndugu zake waliokuwa wakimngoja uani, nilikwenda moja kwa moja kwa daktari. Chumba chetu kilikuwa na viti viwili tu vya kuegemea kwa wazazi wanaobeba watoto kifuani. Nilimwambia sitatoka ofisini mwake mpaka aahidi vingine.